Mililita Thelathini

Swali huja likiwa fupi: ipi inafanya kazi? Huja kwenye WhatsApp pamoja na picha ya chupa ndogo ya kioo, mililita 30, yenye kifuniko cha mpira cha kudondoshea matone na maandishi yanayoahidi kurudisha ujana. Ninasoma kemia, shahada ya uzamili, na katika ukoo wetu hilo limetosha kunifanya mkaguzi wa vipodozi. Shangazi hutuma picha, mabinamu hutuma, majirani wa shangazi hutuma. Huwa najibu kwa sentensi mbili na kurudi kwenye kazi zangu. Mwaka huu swali lilitoka kwa mama mdogo, na sentensi mbili hazikutosha, kwa sababu yeye alileta swali pamoja na sababu.

Mama mdogo ana miaka 47. Kwa miaka 16 amekaa mapokezi ya hoteli moja ya pwani. Anajua kumtuliza mgeni aliyepotelewa na begi, anajua ni chumba kipi kina bomba linalolia usiku. Miezi michache iliyopita alihamishiwa ofisi ya nyuma, kuhesabu mashuka na taulo. Mshahara ni ule ule, lakini bahashishi za wageni hazifiki huko nyuma, na bahashishi hizo ndizo zilizokuwa zikilipa ada ya mwanawe. Meneja hakutamka neno "umri". Alisema hoteli inataka "sura mpya" pale mbele. Mama mdogo alilichukua neno kama lilivyo. "Nitafutie ile seramu inayorudisha ngozi," aliniandikia. "Isiwe mkorogo. Iwe ya kweli."

Hapo swali moja likawa matatu. Je, ipo ya kweli? Kama ipo, je, ni sawa kuitumia? Na tukiitumia, lile kosa la kumwondoa mtu kazini kwake kwa sababu ya uso wake tunalihamishia wapi?

Ningependa kujibu la kwanza kwa kusema hakuna. Insha hii ingekuwa rahisi: seramu zote ni ulaghai, walaghai ni wabaya, kwaheri. Lakini ukweli ni kwamba kuna vitu vinavyofanya kazi, na kazi yenyewe imepimwa.

Ngozi huzeeka kwa njia mbili. Moja ni muda, ambao haujadiliani na mtu. Nyingine ni jua. Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna kolajeni, protini inayoikaza ngozi kama kamba zinavyokikaza kitanda cha kamba. Mionzi ya urujuanimno huzilegeza kamba hizo mwaka baada ya mwaka, na kitanda hubonyea. Mwaka 2012 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Nusu ya kushoto ya uso wake, ile iliyokaa dirishani, ilikuwa na makunyanzi mazito kama ya mtu mwingine kabisa. Ni mwili mmoja na umri mmoja, lakini nyuso mbili. Kioo cha dirisha huzuia mionzi inayounguza, ila huacha aina ya A ipenye, na hiyo ndiyo inayozama ndani zaidi. Huku kwetu usukani uko kulia, hivyo dereva wa daladala anayekaa barabarani kutwa analisha jua shavu la kulia.

Kwa hiyo kipodozi cha kwanza cha kuzuia uzee si seramu. Ni krimu ya kukinga jua. Huko Nambour, mji wa Queensland nchini Australia, watafiti waliwafuatilia watu kwa zaidi ya miaka minne kuanzia 1992. Kundi moja lilipaka krimu hiyo kila siku, jingine lilipaka lilivyopenda. Walipopima ngozi za washiriki 903 wenye umri chini ya miaka 55, waliopaka kila siku walikuwa na ongezeko la uzee wa ngozi lililo pungufu kwa asilimia 24. Wahenga walisema ngozi ivute ingali maji. Walikuwa wanazungumzia malezi, lakini kauli inafaa hapa bila kubadilishwa neno.

Cha pili ni jamii ya vitamini A. Tretinoini, ambayo ni dawa ya cheti, iliruhusiwa Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi. Wagonjwa wenye umri mkubwa walionekana pia kupata ngozi laini zaidi, utafiti kuhusu ngozi iliyozeeshwa na jua ukachapishwa mwaka 1986, na mwaka 1995 dawa hiyo ikaruhusiwa kwa ajili ya makunyanzi madogo. Retinoli ni ndugu yake mpole, anayeuzwa dukani bila cheti. Ngozi yenyewe huibadili kwa hatua mbili hadi kuwa asidi ile ile, ndiyo maana nguvu yake ni ndogo na subira inayohitaji ni ndefu: hesabu miezi, usihesabu wiki. Mjamzito asiitumie.

Baada ya hapo orodha huwa nyembamba haraka. Vitamini C husaidia ikiwa katika hali ya asidi kali na ikiwa haijaharibika, na katika joto letu chupa iliyokaa rafuni ikipigwa na jua hugeuka rangi ya chai. Hapo umenunua chai. Asidi ya hayaluroniki hushika maji, hivyo ngozi hujaa kwa muda na jioni hurudi ilivyokuwa. Kolajeni ya kupaka ina molekuli kubwa mno kupita kwenye mlango wa ngozi. Niasinamidi ni nzuri, tena si ghali. Siku niliyokwenda Kariakoo kumwangalizia mama mdogo, nilikuta seramu ya shilingi 18,000 na nyingine ya shilingi 140,000 rafu moja, na vitu vitatu vya kwanza kwenye orodha zao za viambato vilikuwa vile vile: maji, glisarini, niasinamidi. Ile ya pili ilikuwa na boksi zito na picha ya msichana ambaye, kwa kumkadiria, hakuwa na sababu yoyote ya kuitumia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na matembezi hayo mteja ndiye anayeyalipia.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halikulisema. Kipimo cha mwaka 1979 kilikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya jua ya wastani wa 13.4, na la ngozi nyeupe 3.4. Makunyanzi kwetu huchelewa. Kinachotangulia kwa wengi wetu ni madoa na rangi isiyolingana, na seramu kali inayoiwasha ngozi inaweza kuyaleta madoa hayo yenyewe. Hofu ya mikunjo inayouzwa Kariakoo kwa kiasi kikubwa imeagizwa kutoka nje pamoja na chupa zake.

Hilo la kwanza, basi, lina jibu: ipo ya kweli, ni ndogo kuliko ahadi, na sehemu yake bora si ile inayong'aa.

Lakini mtu akisema "imethibitishwa", mwanafunzi wa kemia huuliza: juu ya nani? Jina linalokutana nawe kila ukifuata historia ya tretinoini ni Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kati ya mwaka 1951 na 1974 aliendesha majaribio katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia. Wafungwa, wengi wao watu weusi, na wengi wakiwa mahabusu waliosubiri kesi na wasio na fedha za dhamana, walilipwa dola chache wapakwe, wachomwe na wakatwe vipande vidogo vya ngozi. Walijaribiwa sabuni, manukato, dawa, na kwa malipo ya kampuni moja ya kemikali, hata dioksini, ambayo ni sumu. Sehemu ya majaribio yaliyoizaa krimu ya vitamini A ilifanyika humo. Kitabu cha Allen Hornblum cha mwaka 1998 kiliyafanya haya yajulikane kwa wengi. Wafungwa wa zamani karibu 300 walifungua kesi mwaka 2000. Ikatupwa kwa sababu muda wa kisheria ulikuwa umepita. Jiji la Philadelphia liliomba radhi mwaka 2022.

Migongo ya watu weusi ndiyo iliyotumika kujifunzia. Kisha, dawa ilipohamia kwenye makunyanzi, ngozi nyeupe ndiyo iliyofikiriwa kwanza. Sasa chupa imefika kwetu, ikiwa na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya ngozi nyingine, kutokana na maarifa yaliyochunwa kwenye ngozi inayofanana na yetu.

Je, mtu aache kuitumia? Nimelizungusha swali hili mara nyingi. Kususa hakumrudishii yeyote mgongo wake. Maarifa yakishapatikana hayawezi kusahaulika kwa makusudi, na mgonjwa wa chunusi kali wa Tandika hajamfanyia ubaya mtu yeyote wa Philadelphia. Hivyo siamini kwamba mtumiaji ana hatia. Lakini hatia na deni si kitu kimoja. Kwetu, kabla maiti haijazikwa, mzee mmoja husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Mwana hajakopa chochote. Hakuwepo siku fedha zilipotoka mkononi. Lakini hawezi kugawana urithi na ndugu zake kabla deni halijatazamwa. Nadhani maarifa ya kemia tumeyarithi hivyo hivyo. Hatukumtesa mtu, ila mali imefika mikononi mwetu ikiwa na wadai, na jambo dogo kabisa tunaloweza kulifanya ni kutojifanya kwamba hakuna aliyesimama kudai. Kwa mtafiti, deni hilo lina umbo la kazi: kuuliza ridhaa ilipatikanaje, na kupima juu ya ngozi za watu wanaouziwa, kwa heshima ambayo wafungwa hawakuipata.

Rafiki yangu mmoja wa bwenini, anayesoma falsafa, aliposikia habari ya mama mdogo alikuwa na pingamizi la aina nyingine. Alisema kufuta umri usoni ni kudanganya. Uso ni ushahidi, na mtu hatakiwi kuvuruga ushahidi. Akanikumbusha uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sikubaliani naye. Uongo unahitaji swali ambalo muulizaji ana haki ya kujibiwa. Bibi harusi wa Unguja anayesuguliwa singo siku saba hamdanganyi bwana harusi. Mwanamume anayepaka mvi zake rangi nyeusi kabla ya usaili hajaongopa kuhusu alichosomea. Umri wa mama mdogo umeandikwa kwenye faili lake la kazi; meneja anaujua. Kinachosomwa pale mapokezi si umri bali hisia ambayo mgeni ataipata akimtazama, na hakuna mtu mwenye haki ya kudai kwamba paji langu la uso limpe hisia fulani. Asiye na haki ya kuuliza hawezi kulalamika kwamba amedanganywa.

Hata hivyo rafiki yangu aligusa kitu, na kitu hicho kimo ndani ya lugha yetu. Kiswahili kinatulazimisha kusomana nyuso. Huwezi kumsalimia mtu usiyemjua bila kumkadiria kwanza: huyu ni shikamoo, au ni mambo vipi? Kondakta wa daladala huamua kwa nusu sekunde kama abiria ni dada, mama au bibi, na abiria hujua papo hapo amewekwa wapi. Nimemwona mwanamke wa miaka thelathini na kitu akipewa shikamoo na kijana wa chuo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Umenizeesha," alisema. Shikamoo ni heshima, kila mtu anajua. Ila ni heshima ambayo wengi wetu tunataka kuitoa mapema na kuipokea kwa kuchelewa.

Tena haipokewi sawa na wote. Mwanamume wa miaka 40 mwenye gari huitwa "mzee" na wadogo zake kazini, na kwake ni kama kupandishwa cheo. Mvi zake zinasema amekomaa. Susan Sontag aliandika juu ya vipimo hivi viwili mwaka 1972, kule Marekani, lakini huhitaji kwenda Marekani kuviona. Tazama nani anakaa mapokezi na nani anakaa kwenye ofisi ya meneja. Meneja wa mama mdogo, kwa maelezo yake, ana miaka 58. Hakuna aliyesema hoteli inahitaji sura mpya huko juu.

Ndiyo maana msemo tunaopenda kuurudia, kwamba Waafrika tunaheshimu wazee, unanisumbua. Tunamheshimu mwanamke mzee akiwa mama wa mtu, akiwa kwenye kigoda, akitoa baraka. Akiwa mfanyakazi anayetaka kiti chake, heshima inaishia kwenye shikamoo. Mama mdogo anaamkiwa kila asubuhi na wasichana wa hoteli, wakiinama kidogo, halafu wao wanakwenda mbele na yeye anakwenda kwenye mashuka. Salamu haijamzuia mtu yeyote kumwondoa. Huenda hata imesaidia, maana ni vigumu kugombana na mtu anayekuamkia.

Liko pia pingamizi ambalo naliona ndilo zito zaidi, na halimhusu mama mdogo peke yake. Fikiria harusi ukumbini. Maharusi wanaingia, mgeni mmoja wa mbele anasimama apige picha. Hajafanya kosa kubwa. Anataka kuona tu. Aliye nyuma yake naye inabidi asimame, na wa nyuma yake. Baada ya dakika mbili ukumbi mzima umesimama, hakuna anayeona vizuri kuliko mwanzo, na bibi mwenye magoti mabovu aliyebaki kitini haoni chochote. Kila aliyesimama alikuwa na sababu nzuri. Mwanamke mmoja wa miaka 47 akipata uso wa miaka 40, amepata nafuu. Wote wakiupata, miaka 47 ya kawaida itaanza kuonekana kama uzembe: kwa nini huyu hajitunzi? Mwanafalsafa Heather Widdows, katika kitabu chake cha mwaka 2018, anaonyesha jinsi urembo unavyogeuka kuwa wajibu wa kimaadili, kiasi kwamba asiyejitunza uso huhukumiwa kama mtu aliyeshindwa, badala ya mtu aliyechagua kingine. Na atakayebaki kitini ni yule asiyekuwa na shilingi 140,000, wala 18,000.

Je, hoja hiyo inatosha kumwambia mama mdogo akae chini? Nadhani haitoshi. Ni rahisi kumwomba mtu asisimame kama wewe uko safu ya mbele. Mzigo wa kurekebisha ukumbi hauwezi kuanzia kwa mtu ambaye tayari amezibwa. Lakini hoja inaniambia kwamba seramu, hata ikifanya kazi vizuri kabisa, haiwezi kuwa jibu la kilichompata. Inaweza kumsaidia yeye kwa muda, na kumgharimu atakayefuata.

Nilitafuta sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na katika orodha ya misingi iliyokatazwa, umri umetajwa kwa jina, pamoja na jinsia. Mgogoro wa namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nilimpigia mama mdogo nikamweleza yote, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata fomula.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alisema, "sheria haikai mapokezi. Nikienda huko, hata wakinipa haki, nitarudi kufanya kazi na nani? Seramu haimkasirishi mtu."

Sentensi hiyo ya mwisho nimeifikiria kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka huu. Ndani yake mna maelezo ya biashara nzima. Chupa ya mililita 30 inauza ngozi laini, lakini inauza pia njia ya kushughulikia dhuluma bila kumkabili aliyedhulumu. Meneja amefanya kosa. Kosa linapakwa usoni pa aliyekosewa, kila usiku, kwa gharama yake mwenyewe, kana kwamba ugonjwa ulikuwa pale. Mwezi ukiisha bila nafuu, atajilaumu kwamba alichelewa kuanza au alinunua ya bei rahisi. Wala mama mdogo si mjinga. Amepima anachoweza kukipoteza, na hesabu yake ni sahihi kuliko yangu, kwa sababu ada ya mtoto ni yake.

Basi nilimjibu, na jibu lilikuwa refu. Nilimwambia aanze na krimu ya kukinga jua, kila asubuhi, hasa kwa kuwa njia yake ya kwenda kazini ni ya mguu kando ya bahari. Na atafute yenye rangi kidogo, ili isimwache na ungaunga mweupe usoni. Nilimwambia retinoli ya nguvu ndogo, usiku, mara mbili kwa wiki, aache ikimwasha. Nilimwambia asinunue kolajeni ya kupaka, na asiguse chochote chenye zebaki au haidrokwinoni hata kikiwa kwenye boksi zuri. Nilimwambia itachukua miezi na itapunguza kidogo, na kwamba hakuna chupa yenye miaka 16 ndani yake. Na nilimwambia kwamba, bila kwenda Tume, anaweza kumwandikia meneja barua moja ya heshima akiomba apewe kwa maandishi sababu ya kuhamishwa. Kuuliza sababu si kesi. Ni kurudisha swali lilikotoka.

Krimu anaitumia. Retinoli alisema tutaona. Barua ameiandika, imo kwenye simu yake, hajaituma.

Nilipokuwa nikimtafutia krimu hiyo nilijifunza habari ya Kilisun, krimu ya kukinga jua inayotengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwao jua si suala la makunyanzi. Ngozi isiyo na melanini, chini ya jua la nchi yetu, hupata saratani, na wengi wamekufa wakiwa vijana kwa kukosa kitu ambacho mimi nilikuwa natafuta chenye rangi nzuri. Sitoi mfano huu ili mtu aone aibu kujali uso wake. Mateso ya mmoja si rungu la kumpigia mwingine. Nautoa kwa sababu unaonyesha kwamba kemia ile ile inaweza kuelekezwa kwenye hofu ya kuonekana mzee, au kwenye haki ya kufikia uzee. Fedha nyingi zikielekea upande mmoja, kuna aliyechagua hivyo, na wanafunzi wa kemia kama mimi tutakuja kuwa miongoni mwa watakaochagua.

Mimi nina miaka 26. Matangazo yanayonifikia kwenye simu yananiambia nianze sasa, kabla haijawa tatizo. Lakini kwa hesabu ya yule meneja, mimi si mwenye tatizo; mimi ndiye suluhisho. Sura mpya aliyokuwa anaitaka ni ya rika langu. Msichana aliyewekwa kwenye kiti cha mama mdogo ana miaka 24, na mama mdogo anasema ni msichana mzuri, mwenye adabu, anayekuja ofisi ya nyuma kumuuliza afanyeje mgeni akipotelewa na begi.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia msichana huyo kwamba anadaiwa. Hakumwondoa mtu. Aliomba kazi, akapata. Hatia hana, kama mimi nisivyokuwa nayo juu ya Holmesburg. Ila nikiulizwa leo ipi inafanya kazi dhidi ya uzee, naona jibu halimhusu mama mdogo kama linavyotuhusu sisi tunaonufaika na uso ambao hatukuufanyia kazi. Sisi ndio tulio safu ya mbele. Siku bosi anaposema mbele ya watu kwamba anataka sura mpya, yule mwenye sura hiyo ndiye anayeweza kuuliza, bila kupoteza mengi, ile ya zamani ina kasoro gani.